Ngazi ya ndani: kimo sm 306, chumba 220 kwa 440, fundi anataka vidato vya 20 kwa 25. Nimkubalie?

Mjenzi_Mpya

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa ngazi ya ndani kabla fundi hajaanza kupiga mbao.

Kutoka juu ya slabu ya chini hadi juu ya slabu ya ghorofani ni sm 306, zote zikiwa zege tupu. Chumba cha ngazi kina upana wa sm 220 na urefu wa sm 440, tofali hadi tofali. Fundi anapendekeza ngazi moja iliyonyooka, kila kidato kiwe na kimo cha sm 20 na kikanyagio cha sm 25. Anasema hicho ndicho kipimo cha kawaida na nafasi itabaki.

Nyumba itakaliwa na wazee na watoto wadogo, ndiyo maana nasita. Je, kipimo hicho ni salama? Kama si salama, vidato viwe vingapi? Na chini ya ngazi nilitaka kuweka choo kidogo, inawezekana?

Mchora_Ramani

Mkuu, tuanze na hesabu ya fundi wako mwenyewe. 306 gawa kwa 20 ni 15.3. Utapanda vidato 15, utafika sm 300, na sm 6 zitabaki. Hizo 6 zitaenda wapi? Zikibaki juu, kidato cha mwisho kitakuwa cha sm 6. Zikizikwa chini, cha kwanza ndicho kitakuwa kibovu. Fundi akiamua kuzigawa kwa macho siku ya kumwaga zege, kila kidato kitakuwa na kimo chake.

Hilo ni baya kuliko ngazi kuwa kali. Mtu anapopanda au kushuka haangalii kila kidato. Anaangalia viwili vitatu vya mwanzo, kisha mguu unakwenda kwa kipimo ulichokwisha kukizoea. Kidato kikiwa kirefu kwa sm 1 tu kuliko wenzake, ncha ya kiatu inagonga wakati wa kupanda. Kikiwa kifupi, wakati wa kushuka mguu unakutana na sakafu kabla ya wakati wake na goti linashtuka. Kanuni za ujenzi wa nyumba za Marekani zinaruhusu tofauti ya milimita 9.5 tu kati ya kidato kirefu kuliko vyote na kifupi kuliko vyote katika mkondo mmoja wa ngazi, yaani vidato vinavyofuatana bila kukatizwa. Mimi ningekuambia ulenge milimita 5.

Kwa hiyo kimo cha kidato hupatikana kwa kugawa, usianze kwa kuchagua namba. Chukua kimo chote, kigawe kwa 17 au 17.5, zungusha upate namba nzima ya vidato, kisha gawa tena. Kwako 306 kwa 18 ni 17 kamili. Una bahati, mara nyingi inatoka 17.2 au 16.8, nayo ni sawa pia, mradi vyote vilingane.

Sasa kikanyagio. Mhandisi Mfaransa François Blondel, karne ya 17, aliangalia hatua ya mtu kwenye ardhi tambarare, akaona kila kipimo unachopanda kwenda juu kinakula mara mbili yake katika hatua ya mbele. Ndipo ikaja kanuni inayotumika mpaka leo: kimo mara mbili, jumlisha kikanyagio, ipatikane kati ya sm 60 na 65, nzuri zaidi ikiwa 62 hadi 64. Kimo 17 na kikanyagio 28 ni 62. Kimo 17 na 29 ni 63, na hicho wengi wetu tunakiona ndicho kipimo kinachopandika kwa raha kuliko vyote.

Angalia jambo moja lakini. Vidato vya fundi wako, 20 na 25, vinatoa 65, yaani vinapita kwenye kanuni. Kanuni hiyo inapima hatua tu, haipimi ukali wa mteremko wala haijui mguu wa mtu una urefu gani. 20 kwa 25 ni mteremko wa karibu nyuzi 39, wakati 17 kwa 28 ni nyuzi 31. Na kiatu cha mtu mzima kina sm 28 hadi 30. Kwenye kikanyagio cha 25, anayeshuka hawezi kuweka unyayo mzima: ama ncha inaning'inia, ama anageuza mguu upande. Mzee anayeshuka kwa mguu uliogeuzwa ndiye anayeteleza. Ni kweli sheria za nchi nyingine zinaruhusu ngazi kali zaidi, kwa mfano Uingereza ngazi ya ndani ya nyumba inaweza kufika kimo cha sm 22 na mteremko wa nyuzi 42. Ila hicho ni kikomo cha mwisho kinachoruhusiwa, hakikuwekwa kiwe lengo.

Ngazi iliyonyooka ya vidato 18 ina vikanyagio 17, kwa sababu cha mwisho ni sakafu ya juu yenyewe. 17 mara 28 ni sm 476. Haiingii kwenye chumba cha 440. Kwa hiyo igeuze: vidato 9, lendingi (sakafu ndogo ya kugeukia katikati), vidato 9. Kila mkondo una vikanyagio 8, yaani sm 224. Weka lendingi ya sm 105, jumla 329, inabaki sm 111 ya kusimamia kule mwanzo na juu. Inakaa.

Mwashi_wa_Zege

Mchora Ramani amesema vyema, ila kuna vipimo viwili amevipokea kama vilivyo. Tofali hadi tofali si ukuta hadi ukuta. Plasta ya sm 1.5 kila upande inakuachia upana wa 217 na urefu wa 437. Ukiacha uwazi wa sm 10 kati ya mikondo miwili, kila mkondo unabaki na sm 103.5. Reli itakula sm 8 au 9 nyingine. Bado ni upana mzuri, lakini lendingi ichorwe 105 kwa kipimo cha baada ya plasta, isije ikawa nyembamba kuliko ngazi yenyewe. Kitanda na kabati hugeukia pale.

La pili ni zito zaidi. Hiyo 306 ni zege kwa zege. Sakafu zako zitawekwa nini, na unene gani? Na vidato vyenyewe?

Mjenzi_Mpya

Nashukuru sana wakuu. Sakafu ya chini na ya juu zote zitawekwa zege la kusawazisha na vigae, jumla sm 6 kila moja. Kwenye ngazi ni mota na vigae tu, sm 3. Kwa kuwa 6 zinaingia chini na juu, si zinafutana?

Mwashi_wa_Zege

Kimo chote kinabaki 306, hapo uko sahihi. Lakini hazifutani kwenye kidato cha kwanza na cha mwisho, na hapo ndipo ngazi nyingi zinapoharibikia.

Fikiria fundi amemwaga vidato vyote 18 kwa sm 17 sawasawa kwenye zege. Kila mtu anaona kazi safi. Kisha sakafu ya chini inainuka sm 6, kidato cha kwanza kinainuka sm 3. Kimo chake hakiwi 17 tena, ni 17 toa 6 jumlisha 3, yaani 14. Vya katikati vyote vimeinuka sm 3 pamoja, vinabaki 17. Juu kabisa, sakafu inainuka 6 na kidato kilicho chini yake kimeinuka 3, kwa hiyo cha mwisho kinakuwa 20. Una ngazi ya 14, kisha 17 kumi na sita, kisha 20. Hicho cha 20 kiko juu kabisa, mahali ambapo anayeshuka ndiyo kwanza anaanza na mguu hauna kipimo chochote.

Dawa yake ni kumwaga zege likiwa "baya" kwa makusudi. Kwako, kidato cha kwanza cha zege kiwe sm 20, vya katikati 17, na cha mwisho 14. Vigae vikishawekwa vyote vinakuwa 17. Mwandikie fundi namba hizo ukutani kwa rangi, kwa sababu akija asubuhi akakuta 14 juu atadhani amekosea na atairekebisha.

Lendingi ya katikati nayo ihesabike kama kidato: iwekwe sm 3 zilezile. Mtu akija kuimwagia zege la kusawazisha la 6 kwa sababu "ni sakafu", kidato kinachofika pale kinakuwa 20 na kinachotoka pale kinakuwa 14. Kosa moja, vidato viwili vimeharibika.

Kuhusu kuweka alama: tafuta ubao mrefu ulionyooka, usimamishe kwa timazi, hamisha levo ya sakafu iliyomalizika kutoka chini na juu kwa mpira wa maji, kisha gawa ubao ule mara 18. Futi ianzie sifuri chini na isiondoke: 17, 34, 51, 68, mpaka 306. Fundi asipime kidato kimoja kimoja kwa kurudia kipande cha mbao cha sm 17. Akikosea milimita 3 kila mara, kwa vidato 18 ni milimita 54, na zote zinatua kwenye kidato cha mwisho. Kama kimo chako kingekuwa 309, kila kidato kingekuwa 17.17, na alama zingekuwa 17.2, 34.3, 51.5, 68.7 na kuendelea. Kosa la kuzungusha haliongezeki kwa sababu kila alama inapimwa kutoka chini.

Seremala_wa_Fomu

Naongezea upande wa mbao, maana vipimo vizuri hufia kwenye fomu, yaani mbao zinazoshikilia zege.

Ubao wa mbele wa kila kidato ukiwa na urefu wa sm 105 na umeshikwa kingoni tu, zege litausukuma katikati utoke tumbo. Ukitoka sm 1.5, kikanyagio kimoja kimeongezeka na cha chini yake kimepungua. Piga mbao moja ndefu katikati, kutoka juu hadi chini ya mkondo, ikishika kila ubao. Ukingo wa chini wa ubao ukatwe mshazari ili mwiko ufike hadi kwenye kona ya ndani, la sivyo inabaki zege isiyosawazishwa na kigae hakitakaa.

Anza kumwaga kutoka chini kwenda juu, na zege lisiwe na maji mengi. Likiwa jepesi, uzito wa vidato vya juu unalisukuma la chini lifure na kumwagika juu ya ubao. Halafu watu wanalichota, na kidato kinabaki na bonde.

Unene wa slabu inayobeba vidato hupimwa kwa pembe mraba na mteremko wake, usiupime kwa kusimamisha futi. Mhandisi akiandika sm 15 na fundi akapima 15 wima kutoka kona ya ndani ya kidato, kwa mteremko wa nyuzi 31 unene halisi ni sm 12.8. Ukitaka kuangalia kwa kusimamisha futi, lazima usome sm 17.5.

Jambo la nondo mwachie mhandisi wako, ila simamia hili moja kwa macho yako: pale mkondo unapoishia kwenye lendingi kutoka chini, nondo za chini zisikunjwe kufuata kona ile. Zikivutwa zinataka kunyooka, na zinabandua zege kwa chini. Za mkondo zinyooke zipande hadi sehemu ya juu ya lendingi, na za chini ya lendingi zinyooke ziingie sehemu ya juu ya mkondo, zipishane kama mkasi.

Mchora_Ramani

Choo chini ya ngazi: hapana, kwa mpangilio huu. Lendingi iko juu ya kidato cha 9, yaani sm 153 kutoka sakafu iliyomalizika. Toa sm 3 za kigae, 15 za slabu, 1.5 za plasta ya chini, inabaki karibu sm 133. Mtu hawezi kusimama. Itafaa stoo ya ndoo, fagio na viatu.

Kwa mwenye chumba kirefu anayetaka ngazi iliyonyooka, asisahau tundu la kwenye slabu ya juu. Nafasi ya kichwa inapimwa wima kutoka mdomo wa kidato (ukingo wake wa mbele) hadi kitu chochote kilicho juu yake, na isipungue sm 200, afadhali 210. Chukua vipimo hivihivi: sakafu ya juu na kila kitu chake ina unene wa sm 26, kwa hiyo upande wake wa chini uko sm 280. Toa 200, inabaki 80. Mstari wa midomo unafika sm 80 ukiwa umetembea karibu sm 103 kutoka kidato cha kwanza. Slabu isipite hapo, na tundu liwe na urefu wa sm 373 angalau. Kukiwa na bimu inayoshuka sm 25 chini ya slabu ukingoni mwa tundu, hesabu inabadilika: bimu iishie sm 62. Hizo sm 41 ndizo zinazogonga vichwa, kwa sababu mchoro wa sakafu hauonyeshi bimu inashuka kiasi gani.

Msomaji_Mwingine

Samahani kwa kuingilia. Kwa nini asifute lendingi, pale kwenye kugeuka aweke vidato vya pembetatu? Angepata vikanyagio vya 30 na nafasi ingebaki.

Mchora_Ramani

Inafanyika, na kanuni zipo: kikanyagio kinapimwa kwenye mstari anaopita mtu, karibu sm 30 kutoka upande mwembamba, na pale kiwe sawa na vikanyagio vingine. Lakini ukingo wa ndani unabaki na sm chache tu, na wawili wakipishana, mmoja lazima akanyage huko. Tena lendingi inamkatia mtu safari: akianguka mkondo wa juu, anasimama pale badala ya kuviringika vidato vyote 18. Nyumba yenye wazee na watoto, sm 105 zile zinastahili kubaki.

Kwa wazee ningependa hata kimo cha 16. 306 kwa 19 ni 16.1, na kikanyagio chake kingekuwa 30. Ila vidato 19 vinagawanyika 10 na 9, mkondo mrefu unataka sm 270, pamoja na lendingi 375, na kwenye 437 zinabaki 62 za kusimamia. Haitoshi. 18 ndiyo namba ya chumba hiki. Kikanyagio cha 29 nacho kinakuachia sm 100 tu mbele, kwa hiyo baki na 28.

Mjenzi_Mpya

Nimeelewa. Fundi ananiambia nikitoa mdomo wa kigae sm 3 mbele, kikanyagio cha 28 kinakuwa 31 na wazee watatosheka. Ni kweli? Na reli niiweke vipi?

Mwashi_wa_Zege

Kikanyagio hupimwa kutoka mdomo hadi mdomo, na kila mdomo ukitoka sm 3, umbali kati yao ni uleule 28. Unachopata ni nafasi ya vidole kuingia chini ya mdomo wa juu wakati wa kupanda. Wakati wa kushuka hupati kitu, kwa sababu kisigino lazima kiruke mdomo wa kidato ulichotoka. Weka sm 2, ukingo uviringwe kidogo, na pasiwe na kona kali chini ya mdomo kwani ndiyo inayonasa ncha ya kiatu cha mtu asiyeinua mguu vizuri. Ukitoa 3 kwenye kigae chembamba kisicho na mota chini yake, kitavunjika siku kitu kizito kikiburutwa.

Vigae vya ngazini visiwe vile vinavyong'aa kama kioo. Viwe na uso wa kukwaruza, au vichongwe mifereji miwili mitatu karibu na mdomo. Mdomo ukiwa na rangi tofauti na kikanyagio ni bora zaidi: mzee mwenye macho hafifu akiangalia chini kutoka juu, vidato vya rangi moja vinaonekana kama mteremko mmoja.

Reli: sm 90 wima kutoka mdomo wa kidato. Kwenye ukingo wa sakafu ya juu ipande hadi 100 au 110. Bomba la kushika liwe na kipenyo cha sm 4 hadi 4.5, kiganja kilizunguke. Mbao pana ya sm 10 inapendeza kwa macho, lakini anayeteleza hawezi kuikamata. Kutoka ukutani acha sm 5 ili vidole vipite. Kwa wazee weka pande zote mbili, maana mkono wenye nguvu wakati wa kupanda unakuwa upande wa pili wakati wa kushuka. Reli isikatike kwenye lendingi, na ipite kidato cha mwisho kwa sm 30 hivi juu na chini, ili mkono uwe umeshika kabla mguu haujaanza.

Vyuma vya kusimama viachane kwa chini ya sm 10, mwili wa mtoto usipenye. Usiweke vyuma vya kulala, mtoto atavipanda kama ngazi.

Seremala_wa_Fomu

Na taa: swichi mbili za taa moja, chini na juu, taa yenyewe iwe juu ya lendingi. Bomba la waya lipitishwe kabla ya plasta. Mlango wowote ulio karibu ufungukie mbali na ngazi, hasa ule wa juu.

Mjenzi_Mpya

Nimemwandikia fundi ukutani: zege 20, kisha 17 kumi na sita, kisha 14. Lendingi sm 105 baada ya plasta, kigae sm 3. Kesho tunasimamisha ubao na kugawa alama kabla mbao hazijakatwa.

Mwashi_wa_Zege

Hesabu pia jumla ya zege: 20 jumlisha 272 jumlisha 14 ni 306. Inafunga. Alama zikishapigwa, pima tena kutoka juu kwenda chini. Namba zikikataa kukutana popote, mpira wa maji una hewa ndani, utoe kwanza.